Sekunde Tatu na Ushee

Kati ya trei na trei kuna sekunde tatu.
Hazimo kwenye mkataba. Nilizigundua mwenyewe,
mwezi wa pili, zamu ya usiku, Vingunguti,
laini namba nne ya biskuti za maziwa,
mikono ilipokuwa imeshaijua kazi
na kichwa bado kinaikataa.

Trei inakuja: toa zilizovunjika, panga kumi na mbili,
sukuma.
Moja, mbili, tatu.
Trei inakuja.

Bwana Mrope hapigi kelele.
Husimama nyuma yako na kalamu ya kubonyeza:
tik. Tik.
Ukutani, kwa chaki: LENGO 5,400. TUMEFIKA 4,871.
Saa ya ukutani iliondolewa, eti tulikuwa tunaitazama.

Wiki za mwanzo nilirudi nyumbani na laini mwilini.
Nilipanga vitumbua kumi na viwili kwenye sahani,
nikamsukuma mume wangu usingizini, trei inakuja.
Hemedi akaniletea hesabu za shule
nikamjibu, "Toa iliyovunjika."
Akacheka mpaka akakaa chini.
Mimi nikatoka uani, nikafungulia bomba,
nikalia ndani ya sauti ya maji.

Zamoyoni, wa kushoto kwangu, mwaka wake wa tisa hapa,
alisema bila kunitazama:
"Usingoje mapumziko. Mapumziko ni foleni ya choo.
Pumzika katikati."
Katikati ya nini?
Akainua vidole vitatu vyenye unga.
Trei ikaja, vikarudi kazini.

Basi nami nikawa na shamba.
Wenzangu wana viwanja Chanika, na hati kabatini;
mimi nina sekunde tatu, upana wa pumzi moja.
Ya kwanza nashusha mabega
(sikujua kwamba yamenipanda hadi masikioni).
Ya pili navuta hewa: sukari, vanila, grisi ya moto.
Ya tatu sifanyi kitu.
Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitesa.
Kodi iliingia humo bila hodi,
ada ikaingia, na kidonda cha mguu wa mama kule Kilwa,
nikavifukuza kama kuku wa jirani
kwenye mpunga ulioanikwa.
Vilirudi. Kuku hurudi.

Novemba wakaongeza kasi. Hakuna aliyetangaza,
viganja ndivyo vilivyotuambia.
LENGO 6,300.
Nikahesabu: moja, mbili, ta—
Trei inakuja.

Usiku ule biskuti zilivunjika
kana kwamba zinagoma kwa niaba yetu.
Alfajiri magunia ya vipande yakapangwa getini,
yakauzwa kwa kilo, bei ya chee;
watoto wa mtaa wakashangilia.
Balaa letu, sikukuu yao.

Siku ya nne Zamoyoni akavua glavu zake,
akamnyooshea Bwana Mrope.
"Nina haja ndogo. Nishikie dakika kumi."
Sisi wote tukainamia trei zetu, kimya, masikio wazi.
Akazivaa. Ningefanya nini mimi? Akazivaa.
Kalamu ikabaki mfukoni.
Dakika ya tatu kofia yake ililowa.
Ya sita, alisukuma trei yenye vipande vitupu.
Mabega yake, nikayaona kwa pembe ya jicho,
yamepanda.

Nikasema, bila kumtazama:
"Shusha mabega, bosi."

Sijui kama alisikia. Mashine ina makelele yake.
Zamoyoni alirudi baada ya dakika kumi na saba,
anajipepea kwa kanga, mpole kama hakuna neno.

Ubao ulikaa vilevile wiki nzima.
Jumatatu tulikuta umefutwa, umeandikwa upya: 5,900.
Hakuna aliyeeleza, wala hatukuuliza;
hatukupiga vigelegele. Elfu tano na mia tisa
si huruma, ni elfu tano na mia tisa.

Lakini nimepima.
Kati ya trei na trei sasa kuna sekunde mbili na ushee.
Mbili nimezigawa, mabega na pumzi.
Ushee ni wangu.
Sijapanda kitu.